Bia Chachu na Bia za Pipani: Maneno ya Wazipendao na Maana Yake

Neno chachu katika Kiswahili lina pande mbili. Mwoka mikate akitia chachu katika unga, hufurahi auonapo umeumuka; lakini mchuzi wa jana ukichacha, mwenye nyumba huumwaga nje. Shina la neno ni moja, na tendo lenyewe karibu ni moja. Kinachobadilika ni hukumu ya mtu. Asomaye Injili ameyaona hayo: mahali pamoja chachu ni mfano wa ufalme wa mbinguni, na mahali pengine ni mfano wa mafundisho yapasayo kuepukwa. Vivyo hivyo neno vunda: mzoga huvunda, watu wakaziba pua, bali ndizi huvundikwa, watu wakangojea ziive.

Twaanza na maneno haya kwa sababu pande hizo mbili ndizo asili ya mabishano makubwa yaliyoko Ulaya na Marekani kati ya watu wapendao bia za viwanda vidogo. Wao hubishana juu ya bia za namna mbili: bia chachu, ambazo uchachu wake umekusudiwa, na bia za pipani, zilizowekwa muda mrefu katika mapipa ya mti hata zikapata ladha yake. Mmoja huionja bia, akasema, Hii imeharibika. Mwenzake huionja iyo hiyo, akasema, Hii imekamilika. Mtu aweza kudhani ya kuwa ni tofauti ya ndimi tu. Tutaonyesha ya kuwa sivyo: wanabishana juu ya kusudi la mpikaji, na juu ya haki ya jina. Wala hatuandiki ili kusifu ulevi, ambao madhara yake kila mji unayajua. Twaandika ili kueleza desturi na maneno yake.

1. Uchachu waingiaje katika bia

Bia hutengenezwa kwa maji, kimea, hopi na hamira. Kimea ni nafaka iliyolowekwa ikaota, kisha ikakaushwa. Watu wa bara wakijua sana, kwa kuwa pombe ya mtama na ya ulezi hupikwa kwacho. Ulaya nafaka hiyo aghalabu ni shayiri. Hopi ni maua ya mmea utambaao. Hutia uchungu, na huzuia bia isiharibike upesi. Kimea kilichosagwa hutiwa katika maji ya moto hata utamu wake utoke. Maji yale matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na hopi, hupozwa, kisha hutiwa hamira. Hamira ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Hula sukari na kuigeuza kuwa kileo, pamoja na hewa ifanyayo povu.

Lakini si hamira peke yake ipendayo sukari. Wako vijidudu vya jamii ya vile vigeuzavyo maziwa kuwa mtindi. Navyo hufanya asidi iliyo laini ulimini. Wako na wengine ambao, wakipata hewa, hugeuza kileo kuwa siki. Mgema ayajua hayo bila kusoma kitabu: tembo lililogemwa asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na likikaa siku kadhaa ni siki.

Zamani bia zote za Ulaya zilikaa katika vyombo vya mti, na kila iliyokaa sana ilipata uchachu, kidogo au kingi. Hakuna aliyejua sababu. Ndipo Louis Pasteur, Mfaransa, alipotoa mwaka 1876 kitabu chake juu ya bia na magonjwa yake, akionyesha ya kuwa uharibifu hutoka kwa viumbe hai vidogo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kuikuza hamira ya mbegu moja tu, safi, isiyochanganyika na nyingine. Tangu hapo wapikaji waliweza kupata bia ya ladha moja kila siku na kila mahali. Bia nyeupe za chupa zinywewazo leo duniani kote, na za Afrika ya Mashariki pamoja, ni matunda ya kazi ile.

Faida yake ilikuwa kubwa. Lakini pamoja na faida hiyo neno nalo lilibadilika: uchachu, uliokuwa ladha miongoni mwa ladha, ukawa ugonjwa. Tena, katika maabara ile ile ya Carlsberg, mtaalamu N. Hjelte Claussen alieleza mwaka 1904 habari za hamira nyingine, ya polepole, aliyoiona ndiyo iliyozipa bia za akiba za Waingereza ladha yao. Akaiita Brettanomyces, maana yake kuvu ya Uingereza. Wafanyao mvinyo, walio wengi, huiogopa hamira hii na kuihesabu kuwa ni uchafu. Wapikao bia chachu huitunza kama mali.

2. Bia ya bonde la Senne

Mahali ambapo desturi ya kale haikukatika ni mji wa Brussels katika Ubelgiji, na vijiji vilivyo magharibi yake, katika bonde la mto Senne na nchi iitwayo Pajottenland. Bia yao huitwa lambic. Hupikwa kwa kimea cha shayiri pamoja na ngano isiyooteshwa, ambayo ni kama theluthi moja ya nafaka yote au zaidi kidogo. Hopi zake si mpya, bali zimewekwa miaka hata uchungu wake ukapungua, nguvu ya kuhifadhi ikabaki.

Ajabu yake ni hii: haitiwi hamira. Maji ya kimea yakiisha kuchemka humiminwa jioni katika sinia kubwa la madini, pana na la kina kifupi, lililo juu darini. Madirisha hufunguliwa, na usiku kucha hewa baridi huyapoza na kuyapandia mbegu zake. Kwa hiyo kazi hii hufanywa tangu Oktoba hata majira ya kuchipua tu, maana wakati wa joto vijidudu vibaya huwa vingi. Asubuhi maji yale hutiwa katika mapipa ya mwaloni, na hapo hukaa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Na si hewa peke yake iletayo mbegu. Nyingi hukaa katika mbao za mapipa yenyewe.

Wataalamu wameuchunguza mwendo wa viumbe vile, wakaona hufuatana kwa zamu. Mwezi wa kwanza hutawala vijidudu vya namna ya vile vya matumboni. Kisha huja hamira ya kawaida, ikafanya kileo. Kisha huja vijidudu vya asidi. Na mwisho huja ile Brettanomyces, ifanyayo kazi miezi mingi. Katika zamu ya tatu bia huweza kuwa nzito, ikavutika kama mlenda. Wapikaji husema wakati huo ya kuwa bia inaugua. Lakini hawaimwagi. Huingoja, kwa kuwa hamira ile ya polepole huula utelezi wote, bia ikapona. Msomaji na aliangalie neno hili ugonjwa. Kwa mtu wa maabara ni mwisho wa bia. Kwa mtu wa lambic ni siku katika maisha yake.

Lambic ya mwaka mmoja ina ukali wa ujana. Ya miaka mitatu imetulia. Mwenye kuchanganya huonja pipa baada ya pipa, akaziunganisha za umri mbalimbali na kuzitia chupani. Sukari iliyobaki katika ile changa huifanya ichachuke tena chupani na kupata povu. Hiyo huitwa gueuze. Wakiloweka ndani yake matunda mekundu ya cheri huitwa kriek. Katika kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 katika mtaa wa Anderlecht, utando wa buibui haufagiliwi, kwa sababu buibui hula wadudu wajao kwa harufu ya matunda. Mgeni aonaye utando hudhani ni uzembe, kumbe ni ulinzi.

Mkono mwingine wa Ubelgiji, huko Roeselare katika Flanders ya Magharibi, kiwanda cha Rodenbach, kilichoanzishwa mwaka 1821, kina desturi iliyo nduguye. Bia yao ni nyekundu, nayo hutiwa hamira ya mpikaji. Kisha sehemu yake hukaa kama miaka miwili katika mapipa ya mwaloni yasimamayo, marefu kuliko mtu. Baadaye ya zamani huchanganywa na mpya, ukali wa moja ukapunguzwa na utamu wa nyingine. Hapa mpikaji hakuuachia upepo. Lakini ameliachia pipa.

3. Mti uhifadhio chachu

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatashangaa sana kusikia ya kuwa mti huhifadhi mbegu ya pombe. Wakikuyu wana pombe ya asali iitwayo muratina, na jina hilo ni la tunda la mti ambao Waswahili huuita mwegea. Tunda hukaushwa na kutiwa katika asali na maji. Pombe ikiiva hutolewa, huanikwa, na kuwekwa kwa ajili ya pombe nyingine, maana chachu imekaa katika nyuzi zake. Katika Uganda na Rwanda maji ya ndizi zilizovundikwa hutiwa katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, yakachachuka humo. Mwaloni wa Ubelgiji hufanya kazi ya tunda lile: ni chombo, tena ni ghala ya mbegu.

Marekani mapipa yalikuja kwa njia nyingine. Sheria ya nchi ile yasema ya kuwa wiski iitwayo bourbon sharti iwekwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani kwa moto. Basi pipa likiisha kutumika mara moja, mwenye bourbon hawezi kulitumia tena kwa bourbon. Huuzwa, nalo lina wiski iliyonywewa na mbao, na ladha za mti ulioungua: vanila, sukari iliyounguzwa, na moshi kidogo. Pipa la kawaida huchukua kama lita 200.

Katikati ya miaka ya 1990 mpikaji Greg Hall wa kiwanda cha Goose Island, mjini Chicago, alitia bia nyeusi, nzito na yenye kileo kingi, katika mapipa ya namna hiyo. Ikaitwa Bourbon County Stout. Hukaa pipani kwa muda wa kama mwaka, na kileo chake hufika sehemu 14 kwa mia au zaidi. Lambic haizidi sana 5 au 6. Viwanda vingi vikafuata mfano huo, na leo ni vigumu kupata mji mkubwa wa Marekani usio na bia ya pipani. Wengine walichukua mapipa ya mvinyo, wakaleta humo hamira na vijidudu vya Ubelgiji. Peter Bouckaert, aliyekuwa mpikaji wa Rodenbach, alihamia mwaka 1996 katika kiwanda cha New Belgium, jimbo la Colorado, akawafundisha kazi ya mapipa makubwa. Na huko California Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha Russian River alipata sifa kwa bia chachu zilizokaa katika mapipa ya mvinyo.

Tuangalie tofauti. Katika pipa la Brussels mti umezeeka, ladha yake imekwisha, nao unatakiwa kwa ajili ya viumbe vikaao ndani yake. Katika pipa la Chicago mti unatakiwa kwa ladha yake, na viumbe ni adui. Watu wachanganyao bia hizi mbili kwa kuwa zote ni za pipani wanafanana na mtu asemaye ya kuwa maziwa na mafuta ni kitu kimoja kwa kuwa vyote hutiwa kibuyuni.

4. Kijidudu kimoja, hukumu mbili

Jambo lililotukia huko Chicago laeleza habari yote. Bia ya Bourbon County iliyotolewa mwisho wa mwaka 2015 ilianza kubadilika chupani. Walioinunua walisema ina uchachu usiokuwamo zamani. Ilipochunguzwa, baadhi ya chupa zilionekana zimeingiwa na kijidudu kiitwacho Lactobacillus acetotolerans, kivumiliacho kileo kingi. Mwanzoni mwa mwaka 2016 kiwanda kilikiri jambo hilo na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Na tangu bia ya mwaka ule kikaanza kuipasha moto kwa muda mfupi ili kuua kila kilicho hai.

Basi jamii ile ile ya vijidudu, ambayo Brussels huwekewa madirisha wazi, Chicago ilirudishiwa fedha. Je, watu wa Chicago walikuwa wajinga? Sivyo. Mwenye kununua bia nyeusi na tamu hakununua uchachu; ahadi haikutimizwa. Na mwenye kununua gueuze akaikuta tamu kama sharubati, naye amedanganywa. Kosa la kinywaji haliko katika asidi yenyewe, bali katika umbali uliopo kati ya kusudi la mpikaji na kilichomo kikombeni. Maneno haya ni rahisi kusema, lakini mabishano mengi yangekoma kama yangekumbukwa.

5. Maoni ya wapenzi

Jamii ya wapenzi hawa si ya kale. Uingereza chama cha kutetea bia za desturi, kiitwacho CAMRA, kiliundwa mwaka 1971. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson alitoa mwaka 1977 kitabu cha kuzieleza bia za dunia, nacho kiliwafanya wengi wa Marekani wajue kwamba Ubelgiji kuna bia chachu. Mwaka 1978 sheria ya Marekani ilibadilishwa, watu wakaruhusiwa kupika bia nyumbani bila kodi. Na kati ya hao walitoka wenye viwanda vidogo wengi.

Maneno yao ya sifa humshangaza asiyezoea. Husifu bia kwa harufu ya zizi, ya ngozi, ya nyasi kavu, hata ya blanketi lililofunika farasi. Katika Kiswahili maneno hayo yangekuwa matusi kwa mpishi. Lakini kwao ni alama tu ya kuwa Brettanomyces imefanya kazi yake, kama harufu ya moshi katika samaki mkavu ilivyo alama ya kazi njema ya moto. Hata hivyo wana mpaka. Harufu ya siki kali, itokayo katika pipa lililoingiwa na hewa nyingi, wengi huikataa. Nayo ladha ya panya, itokeayo nyuma ya ulimi baada ya kumeza, hukataliwa na karibu wote.

Shauri la kwanza wanalobishana ni kipimo cha ukali. Wako waipendao bia kwa kadiri iwakunjavyo uso; wakinywa ndimu hawatosheki. Wako wasemao ya kuwa ukali pasipo kitu kingine ni kelele: asidi yapasa ibebe tunda, mti, uchungu na mkate. Hao wa pili kwa kawaida ni wale waliokunywa miaka mingi. Nao huwaambia wa kwanza wasiusahau mwili, maana asidi nyingi hula meno na kuleta kiungulia.

Shauri la pili ni haraka. Siku hizi viwanda vingi hufanya uchachu katika chombo cha kupikia: maji ya kimea hutiwa vijidudu vya maziwa, huwekwa yakiwa na joto siku moja au mbili, kisha huchemshwa ili viumbe vife, na hamira ya kawaida ikamaliza kazi. Baada ya majuma machache bia huuzwa, aghalabu ikiwa imetiwa matunda mengi. Wenye kuitetea husema ni safi, ni ya bei nafuu, na imewafungulia mlango wengi ambao wasingeonja bia chachu kamwe. Huongeza ya kuwa bia chachu inywewayo ikingali changa si uzushi: Berlin wana bia yao nyeupe nyepesi, na Leipzig wana gose, itiwayo chumvi na giligilani, ambayo ilikoma kupikwa mwaka 1966, ikafufuliwa katika miaka ya 1980. Wenye kuipinga hujibu kwamba bia ya chomboni ina sauti moja tu. Ukali umo, lakini safari haimo. Nao wazee wetu walisema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wapenzi wengi huona ya kuwa methali hii yawahusu wale waliosifiwa kwa bia za miaka mitatu, wakaanza kuuza za majuma matatu kwa bei iyo hiyo.

Shauri la tatu ni juu ya bia za wiski. Kundi moja hutaka wiski isikike tangu chupa ifunguliwapo. Kundi jingine husema ya kuwa pipa ni mtumishi, na mtumishi akisema zaidi ya bwana nyumba imeharibika. Mabishano yamezidi tangu wapikaji walipoanza kutia vanila, nazi, kahawa na mdalasini, hata bia ikafanana na keki. Wengine huzifurahia, wakasema ni kitindamlo cha kugawana watu wanne. Wengine husema kwamba mwenye kuficha kimea chake kwa nazi hakukiamini.

Shauri la nne ni bei na choyo. Bia ya Chicago hutolewa mara moja kwa mwaka, siku ya Ijumaa ifuatayo sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, na watu wamekuwa wakipanga mistari tangu usiku. Chupa chache za Brussels hununuliwa na wachuuzi, zikauzwa tena kwa bei mara nyingi ya ile ya kwanza. Wapenzi wa kweli hulalamika kwamba kinywaji cha wakulima na wafanyakazi kimekuwa johari ya kabati. Lakini wakumbuke na hasara ya mpikaji. Mwezi wa Mei 2009, katika kiwanda cha 3 Fonteinen huko Beersel karibu na Brussels, chombo cha kupimia joto cha ghala kiliharibika, joto likazidi, chupa nyingi zikapasuka. Hasara ikafika chupa kama 80,000 zilizokwisha ngoja miaka. Mwenye kiwanda, Armand Debelder, alikaribia kuiacha kazi. Bia iliyosalia aliikeneka ikawa kileo kikali, akakiuza, na watu wengi walimsaidia asimame tena. Alifariki mwaka 2022. Mwenye kupika kwa siku kumi hawezi kupatwa na hasara ya namna hiyo, wala hawezi kuielewa kwa wepesi.

6. Haki ya jina

Hapa ndipo tunapofika katika jambo zito kuliko yote. Ikiwa uchachu waweza kupatikana kwa siku mbili, mtu wa miaka mitatu ataishi kwa nini? Hana kitu ila jina. Mnunuzi asipojua tofauti, atachukua ya bei ndogo, na mapipa yatapasuliwa kuni. Hatari hiyo ilikuwapo kweli: katika karne ya 20 wapikaji wengi wa lambic walifunga, na baadhi ya viwanda vikubwa vilitumia majina ya kale kwa bia zilizotiwa sukari na maji ya matunda, kwa kuwa vijana walizoea soda.

Kwa sababu hiyo mwaka 1997 wapikaji na wachanganyaji waliunda baraza lao la kutetea lambic za desturi, liitwalo HORAL kwa ufupi. Na mwaka ule ule Jumuiya ya Ulaya iliyaandika majina oude gueuze na oude kriek katika orodha ya vyakula vya desturi. Neno oude kwa Kiflemi maana yake ni -a kale. Atumiaye jina hilo sharti afuate njia: bia ichachuke tena chupani, na katika mchanganyiko iwemo lambic iliyokaa miaka mitatu katika mti. Lakini maandiko hayo hulinda njia, hayalindi mahali. Mwaka 2016 desturi ya bia ya Ubelgiji iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Hiyo ni heshima, si sheria ya biashara.

Marekani wako wafuatao njia yote ya Brussels, pamoja na sinia la kupozea na mapipa ya miaka mitatu. Je, bia yao iitweje? Kiwanda cha Jester King, jimbo la Texas, kilipotoa mwaka 2016 bia yenye neno gueuze katika maelezo ya njia yake, HORAL ililalamika. Wangaliweza kugombana, badala yake walizungumza, na kiwanda kile kikakubali kutumia maneno ya Kifaransa yenye maana ya njia ya desturi, bila jina la gueuze. Wapenzi hawakukubaliana juu ya hayo. Wengine walisema, Njia ikiwa moja, jina liwe moja. Hewa ya Texas haina kosa. Wengine walisema, Jina ni la watu waliolilinda wakati ambapo hakuna aliyelitaka. Kwetu sisi hoja ya pili ina uzito zaidi. Njia yaweza kujifunzwa na mtu ye yote, na hakuna anayekatazwa; lakini jina likigawanywa kwa wote huacha kumwambia mnunuzi habari yo yote.

7. Maneno yafaayo katika Kiswahili

Imebaki kusema neno juu ya lugha yetu, kwa kuwa habari hizi zimeanza kuandikwa kwa Kiswahili, na waandishi huchukua maneno bila kuyapima. Twashauri hivi.

Bia iliyoharibika na isemwe imechacha, kama mchuzi. Bia ambayo mpikaji ameitia uchachu kwa kusudi isemwe imechachuliwa. Na kwa jina iitwe bia chachu. Kitenzi cha kwanza hakina mtendaji. Cha pili kinaye, na ndiye tunayemtafuta. Ukali wa asidi kama wa tunda bichi uitwe ugwadu. Ule ukavu ushikao ulimi na meno, utokao katika mti wa pipa, uitwe ukakasi, kama wa ndizi mbichi. Na ladha ya hopi iitwe uchungu. Mwandishi asiyachanganye haya matatu kwa neno kali, kwa maana msomaji atadhani habari ni ya kileo tu.

Na kwa bia iliyowekwa katika mapipa, neno kuvundika lingefaa kwa maana, maana ni kufunika kitu na kungojea kiive. Lakini wengi wa mijini siku hizi husikia humo harufu ya kuvunda, nao hawatainunua. Basi na iitwe bia ya pipani, na pipa litajwe ni la kitu gani: la wiski, la mvinyo, au pipa kongwe la chachu. Kwa kulitaja pipa, mwandishi ameeleza kusudi la mpikaji. Na msomaji akilijua kusudi aweza kuhukumu kwa haki kilichomo kikombeni.